Kumfundisha rezidenti kumhudumia mgonjwa mzee: wiki nne wodini, hatua kwa hatua

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wenzangu wanaokabidhiwa marezidenti (madaktari wanaosomea ubingwa) kwa mara ya kwanza huniletea maswali yaleyale. Hatuna wodi ya wazee, nianzie wapi? Mimi mwenyewe sikusomea magonjwa ya wazee, nitafundisha nini? Rezidenti wangu anaujua moyo na figo vizuri, mbona akikutana na bibi wa miaka 82 anaandika "udhaifu wa mwili mzima" kisha anaagiza vipimo kumi?

Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja. Mwongozo huu ni wako wewe bingwa wa magonjwa ya ndani au tiba ya familia unayefundisha katika hospitali ya rufaa hapa Tanzania, na rezidenti amewekwa chini yako kwa wiki nne. Huhitaji wodi mpya wala mashine. Wazee tayari wamelala katika wodi yako ya kawaida. Kazi iliyopo ni kumfanya kijana awaone.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60. Umri huo unafaa kwa sera na kwa dirisha la wazee, ila kitandani hautoshi. Yupo mzee wa miaka 75 anayelima ekari mbili, na yupo wa 63 asiyeweza kuvaa shati bila msaada. Rezidenti akishika jambo moja tu kutoka kwako, basi liwe hili: amjue mzee huyu alikuwaje wiki mbili kabla ya kuugua. Hatua zote zilizo hapa chini zinalizunguka hilo.

Mahitaji

- Kiti kigumu chenye mikono, cha urefu wa kawaida.
- Utepe wa kubandika sakafuni, mita 3 kutoka kwenye kiti.
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.
- Mashine ya presha yenye mkanda unaoukaa vizuri mkono mwembamba.
- Boksi moja la njiti za kiberiti.
- Trei au beseni la kumwagia dawa za mgonjwa.
- Muuguzi mmoja wa wodi aliyekubali kwa moyo wake kushirikiana nanyi. Mtafute kabla ya rezidenti hajafika. Bila yeye hatua ya tatu haitafanyika.
- Namba ya simu ya afisa ustawi wa jamii na ya mtaalamu wa fiziotherapia.
- Dakika 40 zako, mara mbili kwa wiki, nje ya raundi kubwa.

Usianze na mhadhara. Nilifanya hivyo miaka miwili mfululizo, slaidi 60 juu ya mabadiliko ya mwili uzeeni, na marezidenti walizisahau kabla ya chakula cha mchana. Anzeni kitandani siku ya kwanza.

Hatua ya 1. Mfundishe kusalimia na kukaa

Mwambie rezidenti avute kiti, akae, uso wake ulingane na uso wa mgonjwa, kisha aseme "Shikamoo" na asubiri. Asubiri kweli. Salamu hii ni adabu, na papo hapo ni kipimo. Mzee aliyelelewa kwa Kiswahili hujibu "Marahaba" bila kufikiri. Asipojibu, kuna sababu: hasikii, hana nguvu, haoni aliyemsalimia, au akili yake haiko hapo kwa sasa. Kila sababu ina njia yake ya kuichunguza, na rezidenti anatakiwa aandike ni ipi.

Aangalie masikio kama yameziba kwa nta. Aulize miwani iko wapi. Mara nyingi imebaki nyumbani na hakuna aliyefikiria kuileta. Aongee taratibu kwa sauti nzito ya kawaida. Kupiga kelele sikioni hakusaidii, kwa sababu usikivu wa uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba, na mtu anayepiga kelele huipandisha sauti yake iwe nyembamba zaidi.

Aulize pia, "Nyumbani wanakuitaje?" Mhasibu mstaafu wa miaka 61 hapendi kuitwa babu na mtu asiye mjukuu wake, na mama wa makamo huweza kuumia akiitwa bibi. Wengi watakwambia Mama Fulani au Mzee Fulani. Jina hilo liandikwe juu ya faili ili zamu zote zilitumie.

Wasiojua mwaka wa kuzaliwa ni wengi. Badala ya kuandika "hajui umri" au kubuni namba, rezidenti aulize: Uhuru ulipopatikana ulikuwa umeshaolewa? Vita vya Kagera ulikuwa na watoto wangapi? Uhuru ni 1961 na vita ni 1978 hadi 1979, hivyo dakika mbili za mazungumzo zinakupa umri unaokaribia ukweli na pia zinakuonyesha kumbukumbu ya zamani ikoje.

*Kosa linalojirudia:* rezidenti anamgeukia binti aliyesimama pembeni na kumuuliza kila kitu, mzee akiwa katikati kama mzigo. Binti ana lake la kusema, lakini baada ya mzee.

Hatua ya 2. Swali la wiki mbili

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwingine kote. Swali lenyewe ni hili: *Wiki mbili kabla ya ugonjwa huu, siku yake ilikuwaje tangu anaamka hadi analala?* Rezidenti amuulize mzee, kisha amuulize mtu anayelala naye nyumba moja. Mwana aliyeleta gari kutoka mjini huenda hajamwona kwa miezi minne. Anayejua ni mjukuu wa darasa la sita, au dada wa kazi, au jirani.

Kutoka katika majibu hayo, ajaze mambo sita ambayo Sidney Katz na wenzake waliyapanga mwaka 1963: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kuzuia haja, na kula. Kwa kila moja aandike: mwenyewe, kwa msaada, au hawezi. Aandike safu mbili, moja ya wiki mbili zilizopita na nyingine ya leo. Tofauti kati ya safu hizo ndiyo inayomwambia daktari ukubwa wa ugonjwa.

Nakumbuka bibi mmoja wa miaka kama 79 katika hospitali niliyofanya kazi zamani. Faili lake lilisema "mgonjwa wa kitandani, kiharusi cha zamani." Maneno hayo yaliandikwa usiku wa kwanza na mtu aliyechoka, kisha yakanakiliwa siku tatu mfululizo, na mimi mwenyewe niliyasoma nikapita. Siku ya nne rezidenti mmoja aliketi na mjukuu wake, kijana wa miaka 15 hivi, akamuuliza swali la wiki mbili. Kijana akashangaa. "Bibi? Bibi anapika vitumbua. Jumapili ile nyingine nilimbebea ndoo ya unga mimi, yeye akatangulia na kikapu." Hakukuwa na kiharusi cha zamani. Nitarudi kwake katika hatua ya nne.

Kuna jambo la lugha la kumwonya rezidenti hapa. Ukimuuliza mzee "Unaweza kujihudumia?" atasema ndiyo, kwa kuwa hakuna anayetaka kuonekana mzigo. Uliza kitendo: Jana nani alikuogesha? Choo kiko hatua ngapi kutoka mlangoni, na usiku unafikaje? Kuhusu mkojo usiulize mbele ya wakwe. Mama akisema "najikuta nimeloa" au "haja inanitoroka," amekupa taarifa kubwa na amejivunjia aibu kukupa. Rezidenti asiipite haraka.

Hatua ya 3. Mtoeni kitandani

Mzee yeyote asiye na sababu ya wazi ya kulala chali asimame ndani ya saa 24 za kwanza, muuguzi wako akiwa upande mmoja na rezidenti upande mwingine.

1. Mpimeni presha akiwa amelala kwa dakika 5.
2. Asimame. Mpimeni tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mmepata sababu mojawapo ya "macho yanaingia giza" na ya kuanguka.
3. Akiwa imara, akae kwenye kiti. Mwambieni ainuke, atembee hadi kwenye utepe wa mita 3, ageuke, arudi, akae. Hesabuni sekunde. Kuanzia sekunde 12 na kuendelea, hatari ya kuanguka iko juu.
4. Rezidenti asitazame saa peke yake. Atazame mikono: anasukuma kiti ili ainuke? Atazame nyayo: zinainuka au zinaburuta? Anapogeuka anachukua hatua ngapi? Ana kandambili zilizokatika?

Nadharia ninayoitoa hapa ni moja tu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 uliwalaza wazee wenye afya njema kitandani kwa siku 10, nao wakapoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Hao walikuwa wazima. Sasa mfikirie mwenye nimonia asiyekula. Marjory Warren, daktari wa London aliyekabidhiwa mwaka 1935 wagonjwa zaidi ya 700 waliohesabiwa kuwa hawaponi, aliwachunguza mmoja mmoja, akawainua vitandani, na wengi wakarudi makwao. Tiba ya wazee kama taaluma ilianzia hapo.

*Onyo:* Aliyeanguka na mguu mmoja ukawa mfupi na umegeukia nje asisimamishwe. Piga picha ya nyonga kwanza. Na mpira wa mkojo usiwekwe kwa ajili ya kumrahisishia mtu zamu. Kila asubuhi rezidenti aeleze kwa nini bado upo, akishindwa utolewe siku hiyohiyo.

Hatua ya 4. Kuchanganyikiwa kwa ghafla

Deliriamu, yaani kuchanganyikiwa huku kwa ghafla, ni dharura. Mwambie hivyo rezidenti siku ya kwanza na urudie kila wiki, maana ndiyo inayopitwa kuliko zote. Anayepiga kelele usiku huonekana. Anayelala kimya mchana kutwa, anayejibu kwa neno moja na kushikashika shuka, huyo husifiwa kuwa mgonjwa mtulivu.

Vigezo vilivyotungwa mwaka 1990 na Sharon Inouye na wenzake vinatosha: hali imeanza ghafla na inapanda na kushuka, umakini umepotea, pamoja na hayo mawili, ama mawazo yamevurugika ama kiwango cha ufahamu si cha kawaida.

Namna ya kupima umakini inahitaji akili ya Kiswahili. Vitabu husema mgonjwa ataje miezi kurudi nyuma. Wazee wengi wanaijua miezi kwa namba, mwezi wa tano, mwezi wa sita, kwa hiyo atakuwa anahesabu tu kutoka 12. Siku za juma nazo zina namba ndani yake, tano, nne, tatu, kwa hiyo mtu huteleza nazo kirahisi hadi Jumamosi. Mimi huwaambia marezidenti waanze na Jumanne: kutoka hapo mgonjwa analazimika kuvuka Jumatatu, Jumapili, Jumamosi, kisha aruke kwenda Ijumaa na Alhamisi, majina yasiyofuata hesabu. Hapo ndipo asiye na umakini hukwama au huanza kwenda mbele. Msikilize pia anapokwama: anajirekebisha, au anakutazama tu?

Akishaitambua, atafute sababu kwa mpangilio huu, akiugusa mwili kabla ya kujaza fomu za maabara:

1. Sukari, papo hapo kitandani.
2. Oksijeni, joto, mapafu. Mzee anaweza kuwa na nimonia bila homa.
3. Tumbo la chini: kibofu kimejaa? Choo kigumu kimeziba?
4. Maumivu, na kwa aliyeanguka: nyonga na kichwa. Damu inaweza kujikusanya chini ya fuvu taratibu, wiki kadhaa baada ya kuanguka.
5. Dawa zote mpya, na zilizoachwa ghafla. Pombe pia.
6. Malaria, chumvi za damu, figo.

Yule bibi wa vitumbua hakujibu shikamoo kwa siku tatu. Rezidenti alipoweka mkono chini ya kitovu akakuta uvimbe mgumu wa duara, ambao sisi wote tuliopita tukiwa tumesimama hatukuugusa. Kibofu kilitoa mkojo karibu lita moja. Wiki moja kabla, kwenye duka la dawa, alipewa amitriptilini kwa ajili ya miguu kuwaka moto. Dawa hiyo huweza kuziba mkojo na kuchanganya akili, tukaisimamisha. Asubuhi ya pili rezidenti akavuta kiti, akasema shikamoo. Bibi akamtazama kwa muda, akanyanyua mkono uliokuwa na kanula. "Marahaba, mwanangu. Hapa ni wapi?"

*Kosa linalojirudia:* kumpa diazepamu, dawa ya kutuliza na kulaza, aliyechanganyikiwa. Isipokuwa kama sababu ni kuacha pombe au degedege, dawa hiyo huzidisha hali. Tiba ya kwanza ni sababu yenyewe, maji, mwanga wa mchana, miwani yake, na ndugu anayemfahamu akae karibu usiku. Zungumza na muuguzi mkuu mapema kuhusu huyo ndugu, maana saa za kuona wagonjwa zikiisha hutolewa nje.

*Kosa la pili:* mkojo una vijidudu, basi ugonjwa ni U.T.I. Wazee wengi wana vijidudu kwenye mkojo bila kuumwa. Asiye na homa, maumivu wala dalili nyingine za mkojo, rezidenti aendelee kutafuta.

Hatua ya 5. Mwageni mfuko wa dawa

Waambie ndugu walete kila kitu: mfuko mweusi wa plastiki, chupa za mitishamba, vidonge vya jirani, dawa za macho. Mwageni kwenye trei, kisha rezidenti ashike kimoja kimoja na aseme: hii ni ya nini, nani aliitoa, bado inahitajika, na inaweza kuwa ndiyo inayomuumiza?

Zinazotuletea wagonjwa mara nyingi zaidi ni hizi:

- *Glibenklamidi*, dawa ya kisukari: hushusha sukari kwa saa nyingi, hasa kwa asiyekula vizuri au mwenye figo dhaifu. Ulizeni pia kuhusu mfungo. Katika Ramadhani wapo wanaofunga huku wakiendelea na dozi ileile ya asubuhi.
- *Diklofenaki na ndugu zake*, dawa za maumivu: huharibu figo, presha, vidonda vya tumbo. Wazee wengi huinunua wenyewe kwa ajili ya magoti na hawaihesabu kuwa dawa.
- *Amitriptilini, promethazini, klorofeniramini*: kuchanganyikiwa, choo kigumu, mkojo kuziba.
- *Diazepamu*: kuanguka.
- *Dawa za presha zilizorundikana*: kila kliniki imeongeza moja, hakuna iliyopunguza.

Orodha ya dawa za kuepuka uzeeni aliyoianzisha Mark Beers mwaka 1991 ilirekebishwa tena mwaka 2023 na chama cha madaktari wa wazee cha Marekani. Rezidenti aipakue kwenye simu.

Kisha mfanyishe hesabu hii kwa mkono. Mama wa miaka 80, kilo 45, kreatinini (taka ya misuli inayopimwa kwenye damu ili kujua kazi ya figo) maikromoli 88 kwa lita. Maabara imeandika kawaida. Toa 80 kwenye 140, unabaki na 60. Zidisha kwa kilo 45, gawa kwa 72 (kreatinini ya 88 ni sawa na miligramu 1 kwa desilita, kwa hiyo haibadilishi kitu), zidisha kwa 0.85 kwa kuwa ni mwanamke. Unapata takriban mililita 32 kwa dakika. Figo zinafanya kazi chini ya theluthi moja ya ile ya kijana mwenye afya, na kreatinini haikuonyesha kwa sababu mwili hauna nyama ya kuizalisha. Marezidenti wakishaifanya mara moja kwa mgonjwa wanayemjua kwa jina, hawaandiki tena dozi kwa mazoea.

*Onyo:* Msisimamishe dawa zote siku moja. Toeni inayodhuru sasa, nyingine punguzeni moja moja. Na mitishamba msiifanyie dharau. Mkiidharau, haitaletwa tena, itanywewa kwa siri.

Hatua ya 6. Kusahau

Hii iwe wiki ya tatu, na isifanyike kwa mtu ambaye bado ana deliriamu. Vipimo vingi vya kumbukumbu vilitungwa kwa watu waliosoma. Mzee asiyejua kuandika hufeli bila kuwa mgonjwa. Sisi tuna bahati ya kuwa na kipimo kilichotengenezwa kwa wazee wa kwetu, kile cha IDEA, kilichoandaliwa wilayani Hai, Kilimanjaro. Kina alama 15 na hakihitaji kalamu. Miongoni mwa mambo mengine, mzee hutaja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, hukumbuka maneno aliyosomewa, na hupanga njiti za kiberiti kwa umbo aliloonyeshwa. Ndiyo kazi ya lile boksi.

Alama peke yake haimfanyi mtu kuwa na dimensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoondoa kumbukumbu. Lirudie swali la wiki mbili, ila sasa uliza mwaka mmoja: alikuwa anahesabu hela za soko, bado anahesabu? Amewahi kupotea njia ya kanisani au msikitini? Chunguzeni sonona pia, maana mzee aliyefiwa na mwenzake anaweza kuonekana msahaulifu kumbe amekata tamaa.

Jambo moja rezidenti alijue kabla hajatoa ruhusa: katika baadhi ya maeneo yetu, bibi anayesema peke yake usiku, mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni, amewahi kuitwa mchawi na kudhuriwa. Kuieleza familia kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo, mbele ya wote, kwa lugha wanayoielewa, ni sehemu ya matibabu. Ukisikia dalili yoyote ya hatari nyumbani, ustawi wa jamii wapigiwe siku hiyohiyo.

Hatua ya 7. Kikao cha familia

Rezidenti atazame kikao kimoja ukikiongoza, kisha aongoze kimoja ukimtazama. Kabla ya kikao amuulize mzee faraghani: Ungependa kujua kila kitu kuhusu ugonjwa wako, au tumwambie nani? Na kitu gani unakitaka zaidi sasa hivi? Majibu huwa ya kawaida kabisa. Kurudi kuona mahindi yakivunwa. Kutokuwa na maumivu usiku. Kutouza shamba kwa ajili ya matibabu.

Watoto wakikushika mkono kwenye korido na kusema "Daktari, mzee asiambiwe," rezidenti asigombane nao na asiahidi. Aseme, "Nawaelewa, mnamlinda. Nitamuuliza yeye anataka kujua kiasi gani, nami nitafuata atakachosema." Mfanyieni mazoezi ya sentensi hiyo hadi imtoke bila kutetemeka.

Hatua ya 8. Ruhusa ianze siku ya kulazwa

Ndani ya siku mbili za kwanza rezidenti ajue: choo ni cha kuchuchumaa au cha kukaa, kuna ngazi ngapi, taa ipo, nani atampikia, nani anasimamia dawa. Kwa choo cha kuchuchumaa, kiti kilichotobolewa na fundi seremala wa mtaani huwa msaada mkubwa.

Ustawi wa jamii wahusishwe mapema kuhusu malipo. Wazee wasio na uwezo wana haki ya msamaha, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inabadilisha taratibu, kwa hiyo msisubiri siku ya kutoka ndipo mzee akae wiki nzima kitandani akingoja barua.

Karatasi ya ruhusa iandikwe kwa Kiswahili, herufi kubwa, dawa zisizidi zile zinazohitajika, na mstari mmoja unaosema dawa zipi zimesimamishwa. Siku ya tatu baada ya ruhusa, rezidenti apige simu. Na katika wiki hizo nne aende nyumbani kwa mgonjwa mmoja, kwa ridhaa ya mzee mwenyewe. Saa moja ya kuketi kwenye kigoda na kuona njia anayopita usiku kwenda chooni humfundisha kuliko mwezi wa raundi.

Hatua ya 9. Mtazame akifanya

Simama pembeni dakika 15, usiseme kitu. Mara nne katika wiki nne: salamu na historia, kumsimamisha mzee, mfuko wa dawa, kikao. Baada ya kila moja mwambie jambo moja alilofanya vizuri na jambo moja la kubadilisha, siku hiyohiyo, mkiwa wawili. Usimsahihishe mbele ya mgonjwa isipokuwa kuna hatari. Mwishoni awe na wagonjwa watano aliowaandikia safu zote mbili za hatua ya 2 hadi siku ya ruhusa.

Mambo yakikwama

*"Wodi ina wagonjwa 50, sina muda."* Chagueni wazee wawili kwa wiki, basi. Hatua ya 2 ifanywe kwa wote, huchukua dakika nne, na mwanafunzi wa udaktari anaweza kufundishwa.

*Rezidenti anasema "ni uzee tu."* Muulize: uzee huo ulianza Jumanne? Kisha mrudishe kwenye safu mbili.

*Mzee haongei Kiswahili.* Mtafuteni mkalimani miongoni mwa wauguzi au wahudumu wa usafi kabla ya kumtumia mtoto wake, hasa kwa maswali ya mkojo na ya nyumbani. Kipimo cha umakini kifanywe kwa lugha yake.

*Wauguzi wanaogopa mzee ataanguka akisimamishwa.* Wana sababu, wao ndio wanaoandika ripoti. Msimamisheni ninyi mara ya kwanza, kiti kikiwa nyuma ya magoti yake, na muwe mnakuja kila siku saa ileile.

*Familia imemwacha mzee wodini.* Kabla ya kuwahukumu, pigeni simu. Mara nyingi hawana nauli au wanaogopa bili. Mpe rezidenti kazi ya kupiga simu hiyo mwenyewe.

*Rezidenti mwenyewe amevunjika moyo, wagonjwa wake wawili wamefariki wiki moja.* Keti naye. Pitieni mafaili hayo mawili pamoja, mkianza na ukurasa aliouandika siku ya kwanza, na umwonyeshe maumivu yalipungua siku gani, nani alikuwa ameshika mkono, na jina lipi liliandikwa juu ya faili. Kesho yake ajiunge na raundi saa mbili na nusu badala ya saa moja.